Kufunga transdusa ya kitafuta samaki kwenye kayaki, na kusaka hitilafu kioo kinapokaa kitupu

Transdusa ni kile kipande cheusi cha plastiki kinachoingia majini, kikubwa kidogo kuliko mche wa sabuni uliokatwa nusu. Ndani yake kuna kigae cha seramiki kinachotetemeka kikipitishiwa umeme. Mtetemo huo unapeleka sauti chini. Sauti ikigonga tope, jiwe au samaki inarudi, na kigae kilekile kinaisikia. Katika maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25, sauti inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kina cha mita 15 unarudi ndani ya sekunde 0.02. Mashine inahesabu muda huo na kuuchora.

Sehemu kubwa ya kinachomfanya sangara, au mputa kama anavyoitwa huku kwetu Uganda, aonekane kwenye kioo ni hewa iliyomo kwenye kibofu chake. Sauti ikikutana na hewa haipenyi, inarudi. Sasa hewa hiyohiyo ikinaswa kati ya uso wa transdusa na maji, hata iwe nyembamba kama karatasi ya daftari, sauti inaishia hapo. Karibu kila kosa la ufungaji linarudi kwenye jambo hili moja, kwa hiyo kabla ya kununua gundi jiulize: hewa itaingilia wapi?

Kuna njia tatu: mkono wa pembeni unaoshusha transdusa majini, tundu la kumwagia maji, kama kayaki yako ina tundu lililoachiwa nafasi hiyo, na ndani ya tumbo la kayaki, ambapo sauti inapigwa kupitia plastiki. Anza na mkono, hata kama nia yako ni kuiweka tumboni. Mkono hautoboi kitu, unaufunga na kuufungua, na utakupa picha safi ya kulinganishia baadaye. Anayeanza kwa kumimina gundi tumboni hana cha kulinganisha. Akiona picha hafifu hajui kama ndivyo mashine ilivyo au amekosea.

Chombo chenyewe nacho kinaamua. Kayaki za kuvulia za kukalia juu kwa kawaida ni za polithini, na polithini iliyo ngumu, isiyo na povu ndani, inapitisha sauti vizuri. Faibaglasi nayo inapitisha, mradi si ile yenye sponji katikati ya matabaka mawili. Mbao haipitishi. Mwenye mtumbwi wa mbao wa aina ya Ssese anayetaka kufunga kifaa hiki asipoteze muda na gundi: ni mkono wa pembeni tu.

Tena, mashine zenye picha za pembeni, au picha kali ya chini ya masafa ya kilohezi 455 na 800 (kilohezi moja ni mitetemo elfu kwa sekunde), zinataka transdusa iliyo ndani ya maji. Masafa hayo yanapungua sana yakipita kwenye plastiki. Sona ya kawaida ya kilohezi 200 au 83 ndiyo inayostahimili kufungwa tumboni.

Mkono wa pembeni

Tafuta hivi:

- bomba la PVC la inchi ¾, urefu wa sentimita 60
- ubao wa unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 10, urefu uzidi upana wa kayaki kwa sentimita 8 hivi
- bolti moja ya M6 ya chuma kisichoshika kutu, nati ya kujikaza na washa pana mbili
- bolti ndogo na nati za kushikia kibano cha transdusa
- mipira miwili ya kufungia mizigo ya boda boda, na ukanda wa mpira wa ndani ya tairi
- kamba ya milimita 3, mita moja na nusu
- vibana vya plastiki vya kufungia waya, sita

Ukipenda bapa la alumini badala ya bomba, mafundi wa Katwe, Kampala, watakukatia na kulikunja ukisubiri. Bomba ni rahisi na likivunjika unapata lingine kwenye duka lolote la vifaa vya mabomba.

1. Chemsha maji kwenye sufuria. Tumbukiza ncha ya bomba, sentimita 8, mpaka ilegee, kisha ibane kati ya vipande viwili vya mbao na uishikilie mpaka ipoe. Inabaki bapa. Usilipashe bomba kwenye moto wa jiko: PVC ikiungua inatoa moshi mbaya, na ncha inakuwa na mapovu yasiyoshika skrubu.

2. Toboa sehemu bapa kulingana na matundu ya kibano kilichokuja na transdusa, uifunge kwa bolti. Toboa matundu mawili zaidi ya milimita 5 juu kidogo ya hapo, maji yaingie na kutoka ndani ya bomba. Bomba lililojaa hewa linaelea na kuusukuma mkono juu.

3. Funga ncha ya juu kwenye mwisho wa ubao kwa bolti moja, na kipande cha mpira kati ya bomba na ubao. Kaza mpaka mkono usogee kwa kusukumwa, si kwa uzito wake. Bolti hii ndiyo bawaba.

4. Chukua ukanda wa mpira wa tairi, ushike mkono usirudi nyuma ukiwa unapiga kafi. Ukigonga jiwe au gogo, mpira unavutika, mkono unarudi nyuma, na transdusa inabaki nzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kukaza bolti ya pili ili mkono uwe imara kabisa. Mkono imara kabisa ukikutana na jiwe unang'oa kibano cha transdusa, na kibano hicho hakiuzwi kila mahali.

5. Laza ubao nyuma kidogo ya kiti, mahali mkono wako unapofika bila kugeuka, na uufunge kwa ile mipira ya boda boda kwenye vishikio vya kayaki. Transdusa iwe upande ambao hupandishii samaki. Isiwe sambamba na mahali kafi inapoingilia majini, kwa sababu kafi inashusha mapovu.

6. Kaa kwenye kayaki ikiwa majini, na mizigo yako yote, ndipo upime kina cha mkono. Uso wa transdusa uwe sawa na tako la kayaki au chini yake kidogo. Kwa kayaki nyingi hiyo ni sentimita 12 hadi 15 chini ya usawa wa maji. Sauti inashuka kwa umbo la pia, yaani inapanuka kadiri inavyokwenda chini. Transdusa ikiwa juu ya hapo, pia hiyo ikiwa pana inaugonga ubavu wa kayaki na kioo kinajaa ukungu juu.

7. Funga kamba ya akiba kutoka kwenye mkono hadi kwenye kayaki. Bolti ikichomoka, usipoteze kila kitu.

Kuhusu upana wa pia hiyo: kwa kilohezi 200 mara nyingi ni nyuzi 20, ambayo kwenye kina cha mita 10 inafunika duara la mita 3.5. Ya nyuzi 60 inafunika mita 11.5 kwenye kina hichohicho. Transdusa iliyolala kwa nyuzi 10 tu inaangalia chini mita 1.8 pembeni ya unapodhani, kwenye kina hicho cha mita 10. Kwa hiyo iweke mlalo sawasawa. Pimamaji la fundi mwashi, lile dogo la sentimita 20, linatosha.

Tundu la kumwagia maji

Hapa maneno ni machache. Kama kayaki yako ina tundu lililoundwa kwa transdusa, tumia kibano chake, na uso wa transdusa uwe sawa na tako la kayaki au utokeze milimita chache. Ikizama ndani ya tundu, hewa inajikusanya chini ya uso wake kila unapoingia majini. Ikitokeza mno, itasugua mchanga siku ya kwanza ya kuburuta kayaki ufukweni. Kwenye fukwe zenye mawe jizoeze kuinyanyua kayaki, usiiburute. Tundu la kawaida lisilo na nafasi hiyo usilazimishe.

Ndani ya tumbo

Faida ya njia hii ni kwamba hakuna kinachoning'inia nje cha kunasa gugu maji au nyavu. Hasara ni mbili: picha inapungua kidogo, na kipimo cha joto kinakuwa cha plastiki, siyo cha ziwa. Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka.

Kutafuta mahali ndiyo nusu ya kazi. Unataka sehemu bapa, isiyo na mkunjo wala mshono wa plastiki, ambayo iko majini wakati wote ukiwa umekaa, na unayoifikia kupitia kifuniko cha kayaki. Karibu na kiti, mbele au nyuma yake, ndiko kunakofaa mara nyingi. Omo, yaani mbele kabisa ya kayaki, haifai: inanyanyuka kwenye mawimbi na chini yake kunapita mapovu. Epuka pia mkuku.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kubandika chochote. Nenda mahali penye kina cha mita 5 au zaidi, maji yakiwa yametulia. Shusha transdusa nje kwa mkono na uangalie kioo: kina, unene wa mstari wa chini, usafi wa maji ya katikati. Piga picha kwa simu. Sasa mimina maji kidogo kwenye ngama, yaani chini ndani ya tumbo la kayaki, kina cha vidole viwili, weka transdusa ndani ya maji hayo, uigandamize kwenye plastiki na uisogeze sentimita tano tano. Mahali ambapo kina ni kilekile na mstari wa chini unakaribia ule wa nje, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Ukikosa mahali hata pamoja baada ya kuzunguka tumbo zima, rudi kwenye mkono wa pembeni. Gundi haitaboresha kitu ambacho maji yameshindwa.

Sasa gundi. Polithini ni ndugu wa kaveera, ule mfuko laini wa plastiki, na anayetaka kujua tabia yake ajaribu kubandika kitu kwenye kaveera: kinashika, kisha kinabanduka kizima kama ganda. Epoksi inafanya hivyohivyo. Inakauka vizuri, inaonekana imeshika, halafu baada ya kayaki kupigwa jua na kukunjana mara kadhaa inaachia kidogo chini, na pale ilipoachia panaingia hewa. Ukitazama kwa juu huoni chochote. Kioo kinaanza kupoteza chini ya ziwa, na mwenye nacho analaumu mashine. Kwa faibaglasi epoksi ni nzuri. Kwa polithini iache.

Njia inayodumu ni kisima: pete ya sponji ngumu iliyobandikwa tumboni, transdusa ikikaa ndani yake kwenye maji au mafuta mazito. Gundi inashika pete tu, haiko kwenye njia ya sauti.

1. Kata pete kutoka kwenye sponji isiyonyonya maji, unene wa sentimita 3 hadi 4. Soli za kandambili zilizobandikwa mbili au tatu zinafanya kazi hiyo vizuri. Tundu la katikati liifuate transdusa, liwe dogo kwa milimita moja au mbili ili liibane.

2. Sugua mahali penye alama kwa msasa namba 120 mpaka ung'ao uondoke, futa kwa spiriti, subiri pakauke kabisa. Sugua sehemu ya pete peke yake. Chini ya uso wa transdusa paache laini.

3. Paka gundi ya mpira inayobaki laini, ile inayouzwa kwa ajili ya boti, kuzunguka chini ya pete bila kuacha pengo. Silikoni ya madirisha inakubali kwa muda, lakini usitarajie imalize mwaka. Watu wengine hupitisha moto wa gesi juu ya polithini ili gundi ishike. Nje ya kayaki ni ufundi unaojulikana; ndani ya tumbo lenye mvuke wa spiriti ni ajali, usiufanye.

4. Weka kitu kizito juu ya pete, uache saa 24.

5. Jaza kisima vijiko viwili vitatu vya maji. Ingiza transdusa kwa kuilaza: upande mmoja ufike chini kwanza, kisha ulaze upande wa pili polepole, ukizungusha kidogo. Utaona mapovu yakitoka pembeni, moja kubwa halafu madogo. Yakiisha, igandamize. Ukiingiza transdusa wima, povu linabaki katikati, mahali pabaya kuliko pote.

Maji ndiyo bora, ila unayaongeza kila safari. Vaselini inapunguza usumbufu huo, lakini kayaki iliyoachwa juani siku nzima inapata joto la kutosha kuifanya ilainike na kuvuja. Jeli ya wapiga picha za uzazi inafaa siku ya majaribio tu, maana inakauka.

Waya na umeme

Kebo ya transdusa usiikate, hata ikiwa ndefu mno. Ina nyaya nyembamba zilizofunikwa kwa wavu wa kuzuia kelele, na kiungo cha kienyeji kinaruhusu unyevu na kelele. Ya ziada ikunje kama namba nane na uifunge, mbali na waya wa betri.

Ikibidi kutoboa kayaki ili kebo ipite, pima kichwa cha plagi, si kebo. Wengi hutoboa milimita 8 halafu wanagundua kwamba plagi ni milimita 18. Toboa juu kabisa ya usawa wa maji, drili ikienda polepole, kwa sababu polithini ikipata joto inayeyuka na kuziba badala ya kukatika. Weka kiziba-maji chenye mpira, na uache kebo ishuke kidogo kabla ya kuingia tunduni ili matone yaangukie hapo.

Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7 (ampia-saa 7) iliyofungwa, ile ya kengele za ulinzi na vifaa vya kuhifadhi umeme, inapatikana kirahisi. Uzito wake ni kilo mbili na ushee. Usitumie zaidi ya nusu yake, yaani Ah 3.5, mashine ndogo inayokula nusu ampia itakaa saa saba. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya ukubwa huohuo ina uzito usiozidi nusu ya hiyo na unaweza kuitumia karibu yote, lakini inataka chaja yake. Betri ya boda boda ya kujaza asidi usiiweke kwenye kayaki kabisa: ikilala tu asidi inatoka, na iko sentimita chache kutoka miguuni mwako.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri na si karibu na mashine. Nyingi zinataka ampia 3. Fuata kitabu chake. Waya wa milimita za mraba 1 unatosha kwa umbali wa kayaki. Betri ifungwe ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, nalo likazwe lisihame, kwa sababu kilo mbili zinazotembea tumboni zinayumbisha kayaki.

Mara ya kwanza majini

Nenda na bildi: kamba yenye fundo kila mita moja na uzito wa risasi au nati kubwa mwishoni. Simama mahali pa mita 3 au 4, pima kwa bildi, soma kioo. Kumbuka mashine inahesabu kuanzia uso wa transdusa, kwa hiyo ongeza zile sentimita 12 hadi 15, au ziingize kwenye menyu. Weka aina ya maji kuwa yasiyo na chumvi. Mashine nyingi zinatoka kiwandani zikiwa tayari kuuliza, na jibu la bahari linakupa kina chenye kosa la asilimia chache.

Chagua masafa kwa kina. Maji mengi ya Ziwa Kyoga hayafiki mita 6, na hapo pia pana ya sauti inasaidia kuona eneo kubwa. Ziwa Victoria linafika karibu mita 80 mahali penye kina kikubwa kabisa, na kilohezi 200 zinatosha kwa sehemu yoyote ambayo mtu wa kayaki ana kazi nayo. Kwenye maji ya Bujagali, kwenye Mto Nile kaskazini ya Jinja, ambako maporomoko ya zamani yako chini ya maji tangu bwawa la mtambo wa umeme lilipojazwa mwaka 2011, tegemea chini inayopanda na kushuka ghafla. Hilo si hitilafu.

Kusaka hitilafu

Jaribio la kwanza ni moja, na linagawa tatizo lote mara mbili. Ondoa transdusa ilipo, ishushe majini kwa mkono, kwenye kina unachokijua. Ikisoma vizuri, mashine, kebo na betri ni nzima. Kosa liko kwenye ufungaji. Isiposoma, acha kuhangaika na gundi; kosa ni la umeme, plagi au mipangilio. Lifanye hili kabla ya lingine lolote.

Kioo kinaonyesha samaki wazuri, kina kinabadilika, ila hakilingani na bildi. Angalia kama hali ya maonyesho imewashwa, ile ya dukani inayocheza picha za mfano. Inaonekana kichekesho, lakini mtu anaweza kuvua nusu siku juu ya samaki wa kuchorwa.

Vistari badala ya kina. Angalia aina ya transdusa iliyochaguliwa kwenye menyu, hasa kama transdusa si ile iliyokuja na mashine. Chomoa plagi, tazama pini kwa tochi: iliyopinda, yenye ukijani, au maji ndani. Kausha, safisha kwa mswaki mkavu, rudisha na ukaze pete yake. Kama joto la maji nalo halionekani wakati transdusa yako ina kipimo hicho, shuku kebo au plagi. Weka transdusa karibu na sikio mashine ikiwa imewashwa: nyingi zinatoa sauti ndogo ya ti-ti-ti. Ukiisikia, umeme unafika. Usiiache ikifanya kazi hewani muda mrefu.

Chini inapotea ukipiga kafi kwa nguvu, inarudi ukisimama. Ni mapovu. Shusha mkono sentimita mbili tatu, au uusogeze mbali na kafi. Kwa transdusa ya tumboni, mahali ulipochagua pananyanyuka ukikimbia, sogea nyuma.

Asubuhi ilikuwa sawa, mchana imekuwa hafifu. Fungua kifuniko uangalie kisima. Maji yamemwagika au vaselini imekimbia. Jaza, toa povu, endelea.

Kina kimoja tu, mathalani mita 0.7, popote uendapo. Mashine imeshika kelele ya karibu na transdusa na kuidhania chini. Sababu ni povu, au usikivu uliopandishwa mno. Punguza usikivu, kwenye menyu unaitwa Gain au Sensitivity, mpaka ukungu wa juu upungue.

Kina mara mbili ya bildi. Hutokea kwenye maji mafupi yenye jiwe au mchanga mgumu: sauti inarudi juu, inagonga uso wa maji, inashuka tena, na mashine inahesabu safari ya pili. Weka kipimo cha kina kwa mkono, sifuri hadi mita 10, na upunguze usikivu. Tope laini linafanya kinyume: mstari mwembamba, hafifu, unaokatika.

Mistari ya wima kioo kizima. Ni kelele ya umeme. Chomoa chaja ya simu kwanza, hasa ile inayoshusha volti 12 kuwa 5. Mara nyingi ndiyo yenyewe. Kisha pampu, kisha taa. Ikiondoka, kipe kitafuta samaki betri yake peke yake. Mwenzako mwenye mashine ya masafa sawa akiwa karibu, mistari inakuja na kuondoka kadiri mnavyokaribiana. Mmoja wenu abadilishe masafa.

Mashine inazimika ukiongeza mwanga wa kioo. Pima betri kwa mita mashine ikiwa imewashwa, si imezimwa. Betri ya risasi iliyojaa ikipumzika ni volti 12.7, ikiwa 12.2 imebaki karibu nusu. Ikishuka chini ya 11.5 inapobeba mzigo, imechoka. Kama betrini unasoma 12.4 na kwenye plagi ya mashine 11.3, tatizo si betri: ni kiungo kilichoshika kutu au kishika-fyuzi cha bei rahisi.

Mstari usiosogea kwenye maji marefu, kama uzi wa ukungu. Kwenye Ziwa Victoria hilo laweza kuwa ziwa lenyewe. Miezi ya mwanzo wa mwaka maji ya juu yenye joto yanakaa juu ya maji mazito ya chini, na mpaka wao unarudisha sauti kidogo. Juni na Julai pepo zinayachanganya. Ukipunguza usikivu na mstari ukafifia wakati chini inabaki kali, usiguse transdusa.

Alama za samaki kila mahali. Zima picha za samaki na usome mwangwi wenyewe. Wingu la vidoti vidogo vilivyosongamana katikati ya maji huenda likawa mukene, yaani dagaa. Mchirizi mzito peke yake karibu na chini una maana zaidi. Usitafute upinde kila mara. Upinde unachorwa samaki anapokatiza pia ya sauti. Kayaki ikiwa imetulia na samaki ametulia chini yake, utaona mstari mrefu, na mstari huo ndiye samaki.

Ukirudi

Kabla ya kuingia kwenye gugu maji, nyanyua mkono. Mizizi yake inajisokota kwenye kibano na kukivuta pembeni, na safari inayofuata utapima mita 10 kwa transdusa iliyoinama. Siku ziwa likiwa na utando wa kijani, futa uso wa transdusa kwa kitambaa laini na sabuni ya kuoshea vyombo. Utando ukikauka unashika mapovu. Usitumie petroli wala thina, zinakula plastiki ya uso. Chomoa betri, fungua kopo lipate hewa, na plagi zielekee chini mpaka zikauke ndipo uzifunike.